Astana: Tufe la Dhahabu na Mabomba ya Joto

Mjadala kuhusu Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, karibu kila mara huanzia kwenye maumbo ya majengo, na mara nyingi hauvuki hapo. Kuna piramidi yenye kimo cha mita 62. Kuna hema la mita 150 ambalo ndani yake watu huogelea na kujilaza mchangani huku nje baridi imeshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kuna mnara uliobeba tufe la dhahabu, ukumbi wa muziki wenye kuta za buluu zilizopindwa mfano wa petali, ikulu yenye kuba la buluu na dhahabu, na tufe jingine, la vioo, lenye kipenyo cha mita 80. Wanaoupenda mji huu husifu ujasiri wake. Wasioupenda huuona kama fahari ya fedha za mafuta, uliojengwa ili mtawala mmoja akumbukwe. Pande zote mbili zinabishana juu ya sura.

Nadhani sura siyo kesi. Majengo ya Astana, hata yale yenye makeke kupita kiasi, yana utetezi mzito ambao hausemwi ipasavyo. Kesi iko katika kilichotangulizwa na kilichoahirishwa, na katika swali la nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Tuanzie mji ulikotoka, kwa sababu lawama ya kwanza inayotupwa ni kwamba Astana haina mizizi, kwamba imechomekwa nyikani kwa amri. Ni kweli imechomekwa kwa amri. Lakini na mji uliokuwapo kabla yake ulichomekwa vilevile. Warusi walijenga ngome kando ya mto Ishim mwaka 1830, ikawa mji wa Akmolinsk. Miaka ya 1930 mwanzoni, serikali ya Kisovieti ilivunja kwa nguvu ufugaji wa kuhamahama wa Wakazaki, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni 1.5. Karibu na mji huo ikawekwa kambi iliyojulikana kwa kifupisho cha ALZHIR, walimofungwa wake wa watu waliotangazwa kuwa wasaliti wa taifa. Mwaka 1954 kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev akaamuru nyika ya kaskazini ilimwe ngano. Walowezi kwa mamia ya maelfu wakaletwa kutoka Urusi, Ukraine na kwingineko, na mwaka 1961 mji ukapewa jina jipya la Tselinograd. Zikapandishwa ghorofa za vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, za mtindo uleule uliotapakaa kila kona ya Umoja wa Kisovieti. Kufikia mwaka 1989 Wakazaki hawakufika hata robo ya wakazi wa mji huo, uliokuwa ndani ya jamhuri yenye jina lao.

Kwa hiyo pale ambapo mgeni anaona nyika tupu iliyovamiwa na vioo, Mkazaki mwenye umri wa kutosha anaona mahali palipojengwa mara mbili na wengine, kwa mipango ya wengine, kabla ya zamu yake kufika. Kelele za majengo haya zina historia. Hazikutokana na utajiri peke yake.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1991, mji mkuu ulikuwa Almaty, chini ya milima ya kusini-mashariki. Bunge liliidhinisha kuhama mwaka 1994, na Desemba 1997 serikali ikahama rasmi kwenda Akmola, jina ambalo mji ulikuwa nalo tangu 1992. Mwaka uliofuata ukaitwa Astana. Sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa za kweli: Almaty iko katika ukanda wa matetemeko na lile la mwaka 1911 liliuharibu vibaya, iko pembezoni karibu na mpaka wa China, na milima inaubana usipanuke. Sababu ambayo haikutajwa kwa sauti kubwa nayo ilikuwa ya kweli. Mikoa ya kaskazini ilikuwa na Warusi wengi, na upande wa pili wa mpaka walikuwapo waandishi na wanasiasa waliosema waziwazi kwamba eneo hilo ni haki ya Urusi. Rais Nursultan Nazarbayev alipeleka dola yenyewe kaskazini, ikakae pale. Ukitazama yaliyotokea Ukraine tangu 2014, ni vigumu kuliita wazo hilo upuuzi.

Tatizo lilikuwa kwamba watu hawakutaka kwenda. Almaty ilikuwa na bustani za tufaha, vyuo, kumbi za maigizo na hali ya hewa ya kupendeza. Akmola ilikuwa na wakazi wasiozidi sana laki tatu, upepo usiokoma, mbu wa kiangazi, na baridi inayoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Maofisa walihamishwa kwa amri, wengine wakaacha familia Almaty. Mji mkuu wa namna hiyo una kazi ambayo miji ya kawaida haina: lazima uwashawishi watu kwamba hautarudishwa ulikotoka.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mfano wake wa kulinganisha. Tanzania iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mpango mkuu wa mwaka 1976 ulichora mji wa kiasi, usiotafuta utukufu wa minara, unaofuata vilima na unaowajali watembea kwa miguu. Kwa mtazamo wa utu, ule ulikuwa mpango bora kuliko wa Astana, na ningependa ungetekelezwa wote. Lakini wizara nyingi ziliendelea kukaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40, hadi msukumo mpya wa mwaka 2016 na sheria ya 2018. Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, uhaba wa fedha ukiwa wa kwanza. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo, Dodoma haikuwa na jengo la kumfanya afisa wa Dar es Salaam aamini kwamba jambo limekwisha amuliwa. Astana ilikuwa nayo ndani ya miaka 5.

Jengo hilo la kwanza la imani ni mnara wa Bayterek, uliokamilika mwaka 2002. Una kimo cha mita 105, na sehemu ya kutazamia iko mita 97 kutoka chini, kuashiria mwaka 1997. Juu yake limekaa tufe la dhahabu lenye kipenyo cha mita 22. Wazo linatokana na hekaya ya Kikazaki ya ndege Samruk anayetaga yai la dhahabu juu ya mti wa uzima. Kama kazi ya usanifu, sidhani Bayterek ni kazi kubwa. Vyuma vyeupe vinavyolizunguka tufe vinaonekana vizito, na ukaribiapo unahisi alama imeongoza na muundo umefuata. Lakini ilifanya kazi iliyotumwa. Noti za fedha zilibeba picha yake, watoto wa shule wakaichora, na ubishi wa kurudi Almaty ukafifia.

Mpango mkuu wenyewe ulitoka kwa Kisho Kurokawa, msanifu wa Kijapani aliyeshinda shindano la kimataifa la mwaka 1998. Kurokawa, aliyefariki 2007, alikuwa miongoni mwa waasisi wa mwelekeo wa Kimetaboli uliouona mji kama kiumbe kinachokua na kubadilika. Alipendekeza mji wa zamani wa ukingo wa kulia wa mto uachwe uishi, mji mpya ukue ukingo wa kushoto, na ukanda wa miti uzunguke kote kuvunja upepo wa nyika. Ukanda huo upo. Makumi ya maelfu ya hekta yamepandwa miti mahali ambapo watu wengi waliamini haitaota. Ni kazi kubwa kuliko mnara wowote wa mji huo, na ni nadra kuiona kwenye picha za watalii, kwa sababu haing'ari.

Kisha akaja Norman Foster, msanifu wa Uingereza, na hapa ndipo mabishano yanapochemka. Kasri la Amani na Maridhiano, ile piramidi, lilifunguliwa mwaka 2006 kwa ajili ya kongamano la viongozi wa dini ambalo Kazakhstan ilianza kuliandaa mwaka 2003. Chini kuna ukumbi wa opera, juu kuna chumba cha mikutano, na kileleni kuna vioo vya rangi vyenye njiwa, kazi ya msanii Brian Clarke. Waliocheka walikuwa wengi: piramidi, katikati ya Asia, ya nini?

Nyumba njema si mlango. Ukiingia ndani ya hesabu za jengo hilo, kejeli inapungua. Astana hutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi karibu nyuzi 40 juu yake, na chuma hutanuka na kusinyaa kwa tofauti hiyo. Wahandisi walilazimika kuuacha muundo uweze kusogea hadi sentimita 30 bila kupasuka. Sehemu kubwa ilitengenezwa kiwandani kwanza na kuja kuunganishwa, kwa sababu msimu wa kumwaga zege nje ni mfupi. Yote hayo yalifanyika kwa takribani miaka miwili. Anayeiona piramidi hii kuwa mchezo hajaiangalia baridi usoni.

Khan Shatyr, lile hema, lilifunguliwa Julai 2010, katika sherehe za Nazarbayev kutimiza miaka 70. Hili ndilo jengo ninalolitetea kwa moyo wote kuliko mengine. Nguzo tatu za chuma zimeegemeana, nyaya zimeshuka kutoka kileleni kuzunguka kitako cha duaradufu, na juu yake kumetandazwa mito ya plastiki nyepesi inayopitisha mwanga, aina ya ETFE. Majira ya baridi, hewa ya joto hupulizwa kufuata upande wa ndani wa paa ili barafu isijitengeneze. Ndani kuna maduka, michezo ya watoto, na ufukwe wa bandia juu kabisa. Mtu anaweza kuuchukia ule ufukwe. Mimi mwenyewe naona hauna maana yoyote pale. Lakini tafakari jiji ambalo kwa miezi mitano mzazi hawezi kumtoa mtoto nje kwa saa nzima bila hofu. Mahali pakubwa penye mwanga wa jua na joto, pa kuingia bure, ni hitaji la msingi huko. Na hema la nyaya na ngozi nyepesi lina undugu wa kweli na nyumba ya mfugaji wa nyika, iliyosimama kwa fito na kitambaa cha sufu. Foster hakubuni mapambo ya Kikazaki na kuyabandika juu ya jengo la Kizungu; alichukua kanuni ya ujenzi wa kuvuta na kukaza akaikuza. Hilo ni jambo la heshima kwa utamaduni, na wakosoaji wengi wamelipita bila kulisema.

Kasoro yake ni kwamba ni duka. Mahali pa umma pa jiji wakati wa baridi pamekuwa chini ya mlinzi wa jengo la biashara, na mtu aliyekaa hapo kwa muda mrefu bila kununua anajua kwamba anavumiliwa tu.

Kuna dharau fulani katika ukosoaji wa kigeni ambayo ni lazima niitaje kabla sijaugeukia upande wa pili. Wanaoicheka Astana kwa kuwa mji wa amri huwa wanapiga foleni kuitazama St Petersburg, mji ulioanzishwa na Peter wa Kwanza mwaka 1703 kwenye kinamasi, ukajengwa na vibarua wa kulazimishwa, wengi wakafa. Mwaka 1714 Peter alipiga marufuku ujenzi wa mawe mahali pengine popote Urusi ili waashi wote waende kwenye mji wake. Leo tunauita urithi wa dunia. Muda umefuta jasho na damu, majumba yamebaki. Sisemi hili kuihalalisha Astana. Nalisema kwa sababu kipimo kinapaswa kuwa kimoja, na kwa sababu ile marufuku ya mawe ndiyo inayotupeleka kwenye lawama iliyo nzito hasa dhidi ya Astana: mji mkuu unaonawiri kwa kunyonya nguvu za nchi nzima.

Lawama hiyo ina tarehe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2019, pembezoni mwa Astana, moto uliteketeza nyumba ndogo ya muda na kuwaua dada watano, watoto wa familia moja. Wazazi wote wawili walikuwa kazini zamu ya usiku. Akina mama kutoka miji mbalimbali walijitokeza kwa hasira, wakidai nyumba na msaada wa maana kwa familia zenye watoto wengi. Tarehe 21 Februari Nazarbayev aliivunja serikali. Tarehe 19 Machi alijiuzulu urais baada ya karibu miongo mitatu. Na kesho yake, bunge likapiga kura kuubadilisha mji mkuu jina uitwe Nur-Sultan, kwa heshima yake.

Weka matukio hayo kwenye mstari mmoja uyasome tena. Ndani ya wiki saba, jiji lilizika watoto watano waliokuwa wakiishi kwenye kibanda kinachopashwa joto kwa jiko, kisha likapewa jina la aliyelijenga. Hakuna uchambuzi wa usanifu unaoweza kulipita jambo hilo kando.

Wanaokuja Astana ni wengi kuliko mpango wowote ulivyotazamia. Idadi ya wakazi ilipita milioni 1 mwaka 2017 na sasa imepita milioni 1.4. Maelfu yao huishi katika vitongoji vya nje ambako mabomba ya joto ya jiji hayafiki, kwa hiyo huchoma makaa ya mawe majumbani. Mitambo ya joto ya jiji nayo kwa miaka mingi imetegemea makaa hayohayo. Matokeo yake ni moshi mzito wa majira ya baridi unaoyafunika majengo yaleyale ya vioo. Bomba la gesi lilifika jijini mwaka 2019, zaidi ya miaka 20 baada ya serikali kuhamia. Shule nazo hazikutosha, na zimekuwapo zilizolazimika kufundisha kwa zamu tatu kwa siku. Na baada ya msukosuko wa mikopo wa 2007 na 2008, majengo mengi ya makazi yalisimama nusu, na watu waliokuwa wamelipia nyumba zao kabla hazijajengwa wakabaki na karatasi mkononi, wakiandamana mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna Ekibastuz. Mji huo uko kama kilomita 300 kutoka Astana, upande wa kaskazini-mashariki, na unaishi kwa makaa ya mawe na mitambo mikubwa ya umeme. Bomba la moshi la mmoja wa mitambo yake lina urefu wa karibu mita 420, na ndilo refu kuliko yote duniani. Novemba 2022, baridi ikiwa karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, mtambo wa kupasha joto makazi uliharibika na mabomba yakapasuka. Mji unaoliwashia taifa taa uliganda. Watu walilala na makoti, radieta zikapasuka kwa barafu, hali ya hatari ikatangazwa, gavana wa mkoa akafukuzwa kazi.

Ni rahisi kusema: hayo ndiyo malipo ya tufe la dhahabu. Nilivutwa na sentensi hiyo, lakini si ya haki kabisa. Mtambo wa Ekibastuz ulikuwa wa kampuni binafsi, bei ya joto ilishikiliwa chini kwa miaka kwa sababu za kisiasa, na mabomba ya miji mingi ya Kazakhstan ni ya enzi za Kisovieti, yaliyochakaa kabla Foster hajachora mstari wake wa kwanza. Kama Bayterek isingejengwa, fedha zake zisingetosha kubadilisha mabomba ya nchi. Aidha si kila jengo lilitoka hazina ya taifa: msikiti wa Nur-Astana wa mwaka 2005 ulikuwa zawadi kutoka Qatar, na mnara wa Abu Dhabi Plaza, unaopita mita 300, ulikuja na mwekezaji wa Falme za Kiarabu, ukachukua takribani miaka 10 kukamilika.

Lakini ukosefu wa haki katika sentensi ile hauifanyi kuwa ya uongo. Bajeti ni fedha, na ni vilevile umakini wa viongozi. Katika miaka ambayo mafuta yalikuwa ghali, mwaka 2008 yalipofika karibu dola 147 kwa pipa, kichwa cha serikali kilijaa minara. Waziri aliyetaka kupanda cheo alijua kwamba jengo linazinduliwa kwa utepe na kamera, na bomba linafukiwa. Bei ilipoanguka mwaka 2014, na Agosti 2015 sarafu ya tenge ikaachwa ielee na kupoteza karibu robo ya thamani yake kwa siku moja, ule wakati wa kufukia mabomba ulikuwa umepita. Hapa ndipo ninapowaunga mkono wakosoaji: kosa la Astana ni la mfuatano. Mnara mmoja wa kuwathibitishia watu kwamba mji mkuu hauhami ulikuwa na sababu. Piramidi ilikuwa na sababu, hafifu kidogo. Hema lilikuwa na sababu nzuri. Baada ya hapo watu walikwisha kuja kwa mamia ya maelfu, na sababu ilikuwa imekwisha, lakini mazoea yakabaki.

Maonyesho ya kimataifa ya Expo 2017 yanaonyesha vyote viwili. Mada yake ilikuwa nishati ya siku zijazo, na kitovu chake lile tufe la vioo la Nur Alem lililosanifiwa na Adrian Smith na Gordon Gill wa Chicago. Mkuu wa kampuni ya taifa iliyoyasimamia alihukumiwa miaka 14 jela mwaka 2016 kwa ubadhirifu, kabla hata ya milango kufunguliwa. Hata hivyo eneo lenyewe halikugeuka magofu kama yalivyo maeneo mengi ya maonyesho duniani: limekuwa makao ya kituo cha kimataifa cha fedha cha Astana na kituo cha kampuni changa za teknolojia, na tufe ni jumba la makumbusho. Kinyume chake, reli nyepesi, kitu ambacho jiji la upepo na umbali mrefu lilikihitaji kuliko tufe, ilikwama mwaka 2019 katikati ya kashfa ya fedha, na kwa miaka nguzo zake za zege zilisimama barabarani bila treni juu yake. Tufe lilikamilika kwa wakati. Treni ilichelewa kwa miaka. Mtu akitaka kujua jiji lilimjali nani, aanzie hapo.

Umbali huo ni kasoro ambayo picha haziwezi kuionyesha. Kutoka Khan Shatyr kupita Bayterek hadi ikulu ya Ak Orda ni kama kilomita 3 kwa mstari ulionyooka, na ng'ambo ya mto piramidi inakamilisha mhimili. Ukiwa angani ni mpango mzuri ajabu. Ukiwa chini, Januari, upepo unapita katikati ya majengo bila kizuizi na kila jengo liko mbali na jirani yake, kwa sababu kila moja limekusudiwa kutazamwa. Vituo vya basi vilivyofungwa na kupashwa joto vimewekwa, na ni jambo jema, lakini ni kiraka. Mji wa zamani wa ukingo wa kulia, wenye ghorofa zisizo na mvuto na nyua zenye miti, bado ni mahali rahisi zaidi kumtembelea jirani. Kurokawa alizungumzia kuishi pamoja kwa cha zamani na kipya. Kilichojengwa kimeacha viishi kila kimoja upande wake.

Linabaki swali la kusema hapana. Ndani ya tufe la Bayterek kuna alama ya kiganja cha Nazarbayev kwenye chuma cha rangi ya dhahabu, wageni huweka kiganja chao juu yake. Inaelezwa kwamba mchoro wa kwanza wa mnara ulikuwa wake. Jiji ambalo ladha ya mtu mmoja ndiyo kamati ya mwisho linaweza kupata majengo ya kipekee haraka, na Astana ni ushahidi. Haliwezi kupata mtu wa kuuliza, katika kikao, kwa nini ufukwe kabla ya gesi. Desemba 2011, mwaka mmoja na miezi mitano baada ya hema kuzinduliwa, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa mafuta waliokuwa kwenye mgomo Zhanaozen, magharibi ya nchi, wakaua watu wasiopungua 14. Ni mafuta ya mikoa ile yaliyolipia vioo vya kaskazini. Januari 2022 maandamano yalianzia Zhanaozen hiyohiyo, kwa sababu ya bei ya gesi ya magari, yakasambaa nchi nzima, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wasanifu wa kigeni waliojenga kasri la amani hawakufyatua risasi. Lakini walijua wanamfanyia kazi nani, na hoja yao kwamba msanifu hahusiki na siasa ya mteja wake siikubali, hasa pale mteja anapoagiza jengo lenye jina la maridhiano.

Septemba 2022, chini ya Rais Kassym-Jomart Tokayev, mji ulirudishiwa jina la Astana. Jina la mtawala lilidumu miaka mitatu na nusu. Majengo hayakuguswa. Wakazi walikwisha kuyapa majina yao ya mitaani zamani: mnara wa dhahabu ni pipi ya kijiti, minara pacha ya rangi ya dhahabu ni makopo ya bia, na mnara wa wizara ya uchukuzi ni kiberiti cha gesi, jina lililowashangaza watu pale ulipowaka moto kweli mwaka 2006. Wakosoaji hunukuu majina hayo kama ushahidi kwamba wananchi wanayadharau majengo. Naona kinyume. Watu hawalipi jina la utani jengo wasilolihesabu kuwa lao, na kizazi kilichozaliwa baada ya 1997 hakina kumbukumbu ya mji mkuu mwingine. Kwao tufe lile ni la nyumbani, na aliyeweka kiganja humo ni mzee wa zamani.

Kwa hiyo sitaki yabomolewe, wala sitaki jiji lirudi kwenye woga wa zege la kijivu. Ninachotaka ni kazi ijayo igawiwe upya. Wahandisi wamekwisha kuthibitisha, hapohapo Astana, kwamba jengo la mita 62 linaweza kuachiwa nafasi ya kutanuka sentimita 30, na kwamba paa la plastiki linaweza kuzuia baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri lisigande. Basi shindano la kimataifa lijalo, lenye majaji, zawadi na kamera zilezile, liwe la nyumba ya familia ya kibarua wa zamu ya usiku huko vitongoji vya nje: ya bei anayoiweza, iliyoungwa kwenye bomba la joto, na yenye kituo cha reli karibu nayo. Na mpango wake uwekwe wazi mbele ya baraza ambalo wakazi wa vitongoji hivyo wamelichagua wenyewe na ambalo lina mamlaka ya kuukataa.